Maisha ya Adriano Atiman, Tabibu na Katekista wa Karema

Maji ya ziwa letu la Kivu hayakai mahali pamoja. Hutoka kwa mto Ruzizi, hushuka kwa nguvu katikati ya milima, hata yakaingia katika ziwa Tanganyika. Ziwa hilo ni refu mno, zaidi ya kilomita 600, na kando yake ya mashariki, katika nchi inayoitwa leo Tanzania, iko misioni ya zamani, jina lake Karema. Hapo aliishi mtu aliyewauguza wagonjwa kwa muda wa miaka 67. Hakuzaliwa Karema, wala hakuzaliwa upande huu wa Afrika. Waliomtoa kwao walikuwa wezi wa watu, na waliomkomboa walikuwa wageni asiowajua. Nataka kuwaeleza habari zake ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo, maana kila mwaka katika mafundisho tunafika mahali pa kusema juu ya shukrani, na kila mwaka naona wengi wanadhani kwamba shukrani ni kusema asante, kisha kwenda zako.

Jina lake ni Adriano Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, karibu na mto Niger, upande wa mji wa Timbuktu. Nchi hiyo siku hizi huitwa Mali. Watu wa huko hulima kando ya mto na kuvua samaki, na kaskazini yao huanza jangwa kubwa la Sahara. Katika jangwa hilo walipita Watuareg na ngamia zao. Walikuwa wachukuzi wa chumvi na bidhaa nyingine, na katika siku zile baadhi yao walichukua watu pia. Atiman alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, walimkamata, wakamtenga na wazazi wake, wakaenda naye kaskazini.

Mtoto wa Masisi aliyezoea mvua, matope na ukungu wa asubuhi hawezi kulifahamu jangwa upesi. Huko hakuna msitu kama ule wa Walikale, hakuna kijito cha kuinamia na kunywa. Toka kisima kimoja hata kingine ni mwendo wa siku nyingi. Mchana jua huchoma, usiku baridi huingia mifupani. Kutoka mto Niger mpaka sehemu ya kusini ya Aljeria ni zaidi ya kilomita 1,500, na watumwa wengi waliopitishwa njia ile walikufa kabla ya kufika. Atiman alifika. Huko kusini ya Aljeria alionwa na Mapadri Weupe, nao wakamlipa fedha yule aliyejiita mwenye mali, wakamchukua mtoto. Ilikuwa yapata mwaka 1876.

Shirika la Mapadri Weupe lilikuwa changa bado. Lilianzishwa mwaka 1868 katika mji wa Alger na Askofu Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Ndilo shirika lililoleta Injili katika nchi yetu ya Kivu pia.

Nilipowaeleza habari hizi watoto wa mwaka wa tano katika shule yetu, mmoja aliniuliza kama mapadri nao hawakumnunua mtu. Ni swali la haki, nami nikamsifu kwa kuuliza. Fedha ilitolewa ili Atiman asiwe tena mali ya mtu yeyote. Walakini ni kweli vilevile kwamba hawakuweza kumrudisha kwa mama yake. Njia ya kwao ilipita mikononi mwa walewale waliomwiba, na mapema mwaka 1876 mapadri watatu waliojaribu kwenda Timbuktu kwa njia ya jangwa waliuawa njiani. Kwa hiyo mtoto akakaa nao, akala chakula chao, akajifunza kusoma kwao. Njia hiyo hakuichagua mwenyewe. Tusilifiche jambo hilo, maana bila hilo hatutafahamu uzito wa mambo aliyoyafanya baadaye alipokuwa mtu mzima mwenye kuchagua.

Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri lake juu ya vijana wa namna hii. Aliona kwamba mtu ajuaye dawa hupokewa katika kila kijiji cha Afrika, kwa mtemi na kwa maskini, hata pale ambapo padri mgeni huogopwa. Basi akakusudia kuwafundisha vijana Waafrika utabibu wa kweli, kisha kuwapeleka ndani ya Afrika wawe matabibu na makatekista pamoja. Hakutaka wageuzwe kuwa kama Wazungu. Aliagiza wazoee kula, kulala na kuishi kwa namna ya Waafrika, waoe na kuwa na nyumba zao, ili wasiwe wageni kati ya watu watakaowatumikia. Mwaka 1881 nyumba ya masomo hayo ilifunguliwa katika kisiwa cha Malta, kati ya Afrika na Ulaya, mahali ambapo lugha ya wenyeji hukaribiana na Kiarabu. Atiman alikuwa mmoja wa wanafunzi wa huko. Alisoma utabibu miaka saba, toka 1881 hata 1888. Katika ujana wake alibatizwa akaitwa Adriano.

Hapa niseme neno moja kwa wale wanaonung'unika kwamba mafundisho yetu ni marefu. Kardinali Lavigerie ndiye aliyeagiza kwamba misioni za mapadri wake zimjaribu na kumfundisha mtu miaka minne kabla ya kumbatiza. Alijua anachofanya.

Mwaka 1888 masomo yakaisha. Mtazameni sasa kijana huyu. Ana umri wa miaka ishirini na miwili hivi. Ana elimu ya dawa, jambo ambalo Waafrika wachache sana walikuwa nalo katika siku zile. Mambo mabaya aliyotendewa hayakufutika, maana mama yake yuko mbali, na labda bado anamlilia. Kama angefanya hesabu kama wafanyavyo wengi, angesema kwamba dunia ina deni kwake, naye asingekuwa mwongo. Walakini mwaka uleule alipanda meli pamoja na mapadri, akaja Zanzibar, akavuka bara, akaanza kutembea kuelekea ziwa Tanganyika.

Toka pwani hadi Karema ni zaidi ya kilomita 1,000, na katika siku zile safari ilikuwa ya miguu, mwendo wa miezi. Njia zile za kwenda bara ndizo zilizotumiwa na wafanya biashara ya pembe na ya watumwa. Misafara ya watu waliofungwa shingoni ilishuka kutoka Umanyema na pande za ziwa, ikapita Ujiji na Tabora, ikaelekea baharini. Atiman, aliyekuwa amepitishwa katika njia ya watumwa ya Sahara akiwa mtoto, alikwenda sasa katika njia ya watumwa ya mashariki, lakini kwa kupanda, akiwa na sanduku la dawa. Katika mwaka ule ule wa 1888 Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka katika miji ya Paris, London na Brussels, akiwaita Wakristu wa Ulaya waikomeshe biashara ile.

Alifika Karema mwaka 1889. Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao waliikabidhi kwa mapadri mwaka 1885. Kuizunguka waliishi wenyeji Wabende na Wafipa, na pamoja nao watu waliokombolewa utumwani, wengine wakiwa watoto kutoka ng'ambo ya ziwa, yaani kutoka nchi yetu ya Kongo. Hofu ilikuwa bado kubwa. Ng'ambo ile, upande wa Mpala, Kapteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, aliwalinda watu kwa silaha ili wasitekwe.

Atiman hakujulikana na mtu huko. Alikuwa mweusi kama wao, lakini lugha zao hakuzijua, mila zao hakuzijua, ukoo hakuwa nao. Nanyi mnajua hali ya mtu asiye na ukoo. Hata kwetu, katika vilima vya Masisi na kando ya mto Lowa, mtu akifika kutoka mbali huulizwa kwanza ni mtoto wa nani, na akishindwa kujibu hupewa sehemu ya mwisho ya shamba, ile yenye mawe. Zaidi ya hayo Atiman alikuwa amewahi kuwa mtumwa, na popote Afrika neno hilo lilikuwa aibu.

Je, alianzaje? Alianza na madonda. Kazi ya tabibu katekista haikuwa kazi ya kupendeza macho. Watu wa kando ya ziwa walikuwa na homa, vidonda vya miguu visivyopona, ndui, na kuharisha damu. Funza walikuwa wameingia Afrika kwa upande wa magharibi katika miaka ya 1870, wakaenea hata pande hizo, wakawala watu vidole. Kuna walioumwa na mamba ziwani na walioraruliwa na wanyama porini. Tabibu huosha usaha, hukata nyama iliyooza, hufunga kitambaa, na kesho yake hufungua na kuosha tena. Mgonjwa mmoja humtukana kwa sababu ya maumivu, mwingine hukimbilia kwa mpiga ramli, akarudi hali imezidi. Palipokuwa na mtu katika saa ya kufa, Atiman alikuwa pia katekista, akamfundisha habari za Mungu kwa maneno machache yanayotosha.

Nataka mlitazame jambo hili, maana ndilo lililonifanya nichague kuandika maisha yake. Waliomtendea mema Atiman ni mapadri. Walimlipia fedha, walimlisha, walimsomesha. Lakini wagonjwa wa Karema hawakumtendea jambo lolote. Hakuna Mbende aliyechangia fedha ya kumkomboa, hakuna Mfipa aliyemlipia masomo ya Malta. Pengine kati ya wagonjwa wake walikuwamo waliowahi kuuza watu. Nao ndio waliopokea mikono yake, na usingizi wake uliokatizwa usiku, miaka yote ile. Deni lake kwa mapadri alililipa kwa Wabende, na wala mapadri hawakuona ajabu, kwa sababu ndivyo walivyotaka.

Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Mtu akisaidiwa na jirani kumbeba mgonjwa wake katika kipoyi kutoka msituni mpaka hospitali, humkumbuka jirani yule na kumpelekea ndizi au maharagwe. Hilo ni jema. Lakini juma lifuatalo mjane wa nyumba ya tatu anatafuta watu wanne wa kubeba kipoyi, na mtu yuleyule husema kwamba mjane huyu hajawahi kumsaidia. Nimesikia maneno hayo kwa masikio yangu, tena mlangoni pa kanisa.

Liko jambo jingine tena, nami naliandika kwa hofu, maana wengi wenu mmeonja vita. Wako kati yenu waliochomewa nyumba, walioporwa ng'ombe, walioacha mashamba wakati wa kuvuna na kulala katika nyumba za watu wasiowajua. Mtu akiwaambia kwamba Mkristu hushukuru kwa kuporwa, msimsadiki. Atiman hakumshukuru mwizi wake. Utumwa aliuona kuwa uovu toka mwanzo hata mwisho, na alikwenda kuishi pale ambapo wamisionari walikuwa wakishindana nao. Shukrani yake ilikuwa kwa Mungu na kwa wale waliofungua mlango. Mtu anaweza kuyaweka mambo mawili moyoni pamoja: kuliita baya kuwa baya, na kumkumbuka yule mama wa kijiji kingine, wa lugha nyingine, aliyekusogezea mkeka na kukugawia sufuria ya mihogo usiku ule wa kukimbia. Wengi wetu tunawataja waliotuchoma, na jina la mama yule tumelisahau. Kumbukeni habari ya Injili juu ya wakoma kumi walioponywa na Bwana wetu Yezu Kristu: aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Msamaria, mgeni.

Turudi Karema. Mgeni huyu alioa huko. Mke wake aliitwa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Fikirini: aliyeibwa jangwani na kuuzwa sasa akawa mkwe katika nyumba ya mtemi. Wakazaa mtoto wa kiume, wakamwita Yosefu. Yosefu alipokua alitamani kuwa padri, na mwaka 1923 alipewa daraja takatifu la upadri. Wanafunzi wangu walipenda sana sehemu hii, nami nadhani sababu yake ni kwamba kila mmoja alimhesabia Atiman furaha ile kama malipo. Mimi nasema afadhali tuiache iwe furaha tu. Baba huyu alikuwa na mwana, akamwacha aende kuwatumikia watu wengine, na kwa desturi zetu tunajua jambo hilo lina uchungu wake, kwa kuwa padri haachi wajukuu.

Miaka ikapita. Mwanzoni mwa karne ya ishirini malale yaliingia pande zote mbili za ziwa Tanganyika, yakaua watu wengi sana. Ni ugonjwa wa kulala unaoletwa na mbung'o, na katika siku zile dawa yake ilikuwa dhaifu na yenye hatari. Vijiji vingine vilihamishwa kutoka ufukoni. Kisha vikaja vita vya mwaka 1914, na Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi ile wakashindwa. Baada yao wakaja Waingereza. Askofu Lechaptois, aliyeliongoza Kanisa la pande zile tangu mwaka 1891, akafariki mwaka 1917. Kardinali Lavigerie alikuwa amefariki zamani, mwaka 1892, miaka mitatu tu baada ya Atiman kufika Karema. Hakuona matunda ya shauri lake. Bendera ziligeuka na maaskofu wakabadilika, naye Atiman akawa palepale na vitambaa vyake na dawa zake.

Hatujazoea kusifu jambo la namna hii. Tunapenda habari za mashahidi waliokufa kwa siku moja, kama mashahidi wa Uganda, na ni haki yao kusifiwa. Habari za mtu aliyeosha vidonda asubuhi moja, na asubuhi ya pili, na ya tatu, mpaka mwaka wa sitini, hazina mahali pa kusimama na kupiga makofi. Nikijipima mimi mwenyewe, naona kuosha kidonda kwa siku moja mbele ya watu naweza. Kuosha siku ya elfu moja, bila mtu anayetazama, mgonjwa akinung'unika kwamba maji ni baridi, hilo ndilo sina hakika nalo.

Neno Ekaristi, mnalolisikia kila Jumapili, maana yake katika lugha ya Kigiriki ni shukrani. Ninyi wakatekumeni bado hamjakaribishwa mezani hapo, mnangoja. Msifikiri kwamba katika muda huu wa kungoja hamna sehemu yoyote. Jumatatu mnaweza kumpelekea mgonjwa maji, Jumanne mnaweza kumsalimu jirani mnayegombana naye juu ya mpaka wa shamba, na mambo hayo yameungana na shukrani ile kuliko mnavyodhani.

Atiman alipozeeka aliheshimiwa na wakubwa pia. Alipewa nishani, na mwaka 1946 maisha yake, yakiwa yameelezwa na yeye mwenyewe, yalichapwa katika jarida moja la elimu la nchi ya Tanganyika. Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa karibu miaka tisini. Tangu siku aliyofika na sanduku lake ilikuwa imepita miaka 67. Waliokuwa watoto wachanga alipofika walikuwa sasa wazee wenye mvi.

Katika mji wa Sumbawanga, ambao uko upande wa kusini-mashariki wa Karema, Kanisa lina hospitali inayoitwa kwa jina lake, Hospitali ya Dokta Atiman. Akina mama hujifungua humo, na watoto wenye homa hulazwa humo, wa dini yoyote na wa kabila lolote.